Vidole Vinne Chini ya Goti

Kitu cha kwanza nilichoweza kuandika bila kutazama ubao kilikuwa tarehe. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, mke wa mtu na mama wa watoto wanne, nimebanwa kwenye benchi la darasa la watu wazima katika parokia yetu ya Butembo. Kila alasiri mwalimu wetu alianza kwa kuandika siku, mwezi na mwaka katika pembe ya ubao, kisha yakaja maneno. Maneno yalinisumbua kwa miezi mingi. Tarehe ilinikubali mapema. Tangu wakati huo sijaandika kitu bila tarehe, wala sijakumbuka kitu bila kukitafutia siku yake, na ndiyo maana naweza kusema bila kusita kwamba habari za msichana wa Beni zilifika mezani kwangu Jumatano, tarehe 4 Oktoba 2000, zikiwa zimekwisha kunenepa njiani.

Meza hiyo ilikuwa ya cherehani. Ilikuwa ya mume wangu mpaka Jumatatu, tarehe 9 Juni 1997, alipofariki kwa homa, wiki chache baada ya serikali mpya kuingia Kinshasa. Katika safu ya mafundi pale sokoni watu walingoja niiuze. Wawili walikuja hata kuipima miguu kwa macho. Sikuiuza. Nilibadilisha sindano, nikaendelea na suruali aliyokuwa ameiacha nusu, na mwenye suruali aliivaa siku ya Pasaka iliyofuata bila kujua mkono wa mume ulikomea wapi na wa mke ulianzia wapi.

Sasa niseme kwa nini soko zima lilishughulika na mpira wa kikapu wa wasichana. Vita vilikuwa vimetugawia maisha kwa vipande: barabara ilifunguliwa leo, ikafungwa kesho, mji ulikuwa na wakubwa wapya kila baada ya majira, redio ilisema mambo ambayo tulikuwa tumekwisha kuyasikia kwa waliokimbia. Lakini Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya chuo kimoja cha mji wetu, wasichana kumi waligombea mpira, na hakuna mtu aliyejua mwisho wake kabla ya saa, na mwisho huo haukumuumiza mtu. Tulikwenda kwa wingi. Muuza maharagwe wa safu ya pili, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili, alijifanya rais wa washabiki, na hakuna aliyempinga.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mwalimu wa timu ya chuo hicho alikuwa amekwenda Beni mwezi wa Julai kwenye michezo ya shule za sekondari, akamwona msichana mmoja wa komyuni ya Ruwenzori, moja ya kata za mji ule. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa wa chuo, na chuo kikakubali kumpokea msichana huyo asome bila kulipa, mradi acheze. Mwalimu alisema hayo tu, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache. Yaliyobaki tuliyasema sisi.

Jirani yangu katika safu, kinyozi, ndiye aliyeanza mambo ya chaki. Alichukua chaki yangu ya kupimia nguo, akachora mstari kwenye mwimo wa mlango wa kibanda changu, juu ya kichwa chake kwa shubiri nzima, akasema kwa Kiswahili chetu cha mjini, ambamo "ndio" ni "njo":

"Mama fundi, angalia. Njo urefu yake. Huyu mutoto akisimama chini ya kikapu, anaweka mpira sawa vile weye unaweka sufuria juu ya kabati."

"Ulimuona?"

"Shemeji yangu alimuona."

"Shemeji yako," akasema muuza maharagwe, "njo yule alisema unajua kunyoa?"

Watu wakacheka, lakini mstari ulibaki. Kesho yake dereva mmoja aliyetoka Beni alichora wa kwake, juu zaidi. Mwanafunzi mmoja akachora wa tatu. Ilipofika katikati ya mwezi, mwimo wangu ulikuwa na mistari tisa, na wa juu kabisa ulichorwa na mtu aliyelazimika kupanda kigoda. Nilikuwa naitazama kila asubuhi nikifungua. Sikuwa naamini hata mmoja, ila nilitaka sana kujua ni upi ungekuwa karibu na kweli. Fundi cherehani ana udadisi wa aina yake: mtu yeyote akitajwa, mimi huanza kujiuliza mabega yake ni mapana kiasi gani.

Jumatatu, tarehe 16 Oktoba, muuza maharagwe aliniletea kitambaa cha tergali ya kijani, rangi ya timu, kilichonunuliwa kwa mchango wa washabiki. Alikiweka mezani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililonishtua.

"Kuko maneno. Papa wake ni muzee wa kanisa, kwa Baprotestanti ya kule Beni. Amekubali mutoto akuye kusoma. Lakini alisema magoti ya binti yake hapana onekana na batu ya Butembo. Eti atakuya ye mwenyewe na mutoto, aangalie mechi ya kwanza na macho yake. Akiona goti, anamurudisha siku ileile, na chuo ataisahau."

"Na akirudi, atafanya nini kule?"

"Shangazi yake ana shamba Kamango. Bamesema atasaidia kule, mpaka aolewe. Basi iko juu yako, mama fundi. Ile bingine wanacheza na kaptura. Huyu utamufanyia nini?"

Sisi Wakatoliki tulipenda kuwacheka ndugu zetu Waprotestanti kwa mambo ya nguo, lakini siku ile sikucheka. Mimi nilijua maana ya kungoja mtu mwingine aseme kama utasoma au hutasoma. Mimi niliingoja ruhusa hiyo miaka kumi na tisa. Nikamwambia muuza maharagwe kwamba nitashona vazi ambalo mafundi wetu huliita kwa Kifaransa *jupe-culotte*: kwa ndani ni suruali, kwa macho ni sketi, na goti hubaki kuwa siri ya mwenyewe.

Shida ilikuwa vipimo. Msichana alikuwa Beni na mimi Butembo, na kati yetu kulikuwa na barabara yenye vizuizi vya askari ambavyo havikuwa na idadi ya kudumu. Mtu aliyekamatwa na karatasi yenye tarakimu alikuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba zile si hesabu za bunduki za mtu. Kwa hiyo nilirudia njia niliyoitumia kabla sijajua kusoma: kamba yenye mafundo. Fundo la kwanza ni kiuno, la pili nyonga, la tatu ni kutoka kiunoni hadi gotini, na kadhalika, kila fundo kwa mtindo wake. Kamba haisomwi na askari. Mwanamke mmoja aliyefanya biashara ya makayabo, samaki wa chumvi, alikuwa anakwenda Beni wiki ile. Nilimfundisha mafundo mara mbili, nikamwambia jina la msichana na mtaa, naye akaifunga kamba kwenye kifurushi cha samaki.

Alirudi Jumamosi, tarehe 28 Oktoba, amefurahi.

"Nilifika, nikauliza jina, mutoto akaitika, nikapima. Ako na adabu, ile mutoto! Hakuuliza ata neno."

Nilipoachwa peke yangu niliinyosha kamba juu ya meza, kando ya utepe wangu. Niliipima mara tatu. Kutoka kiunoni hadi gotini kulikuwa na sentimita hamsini na mbili. Kwa wasio mafundi, niseme hivi: huo ni mguu wa mtu ambaye, akisimama mlangoni kwangu, mstari wa chini kabisa kati ya ile tisa ungempita juu ya kichwa kwa kiasi cha kuweka kikombe na sahani yake.

Mume wangu alinifundisha kwamba vipimo vya mteja havitoki mdomoni mwa fundi. Alisema mtu anapojiachia apimwe, amekupa kitu ambacho hata jirani yake hana. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ndiyo habari mpya ya soko. Kinyozi alianza kuniuliza kwa njia za pembeni.

"Mama fundi, kitambaa kimetosha?"

"Kimetosha."

"Kimebaki?"

"Kunyoa kwako leo hakuna?"

"Aa, amekataa kusema! Njo kusema iko mulefu sana, anaogopa tutashangaa."

Na jioni hiyo mstari wa kumi ukachorwa.

Mimi nilikuwa na swali langu, na lilinifuata mpaka jikoni. Mwalimu wa timu hakuwa mtu wa kudanganyika. Alikuwa ameona jambo kule Beni. Sasa msichana mfupi kiasi hiki hufanya nini kati ya wasichana warefu hata mtu wa maneno machache akatoka mbio kumwombea nafasi? Nilikwenda uwanjani mchana wa siku za kazi, wakati wa mazoezi, nikakaa ukutani kutazama wasichana wanavyokimbia. Sikutazama mpira. Nilitazama nguo zao zinavutwa wapi: kwenye paja mtu anapochuchumaa, kwenye nyonga anapogeuka, kila mahali anaporuka. Nikapata jibu, au nilidhani nimelipata. Mfupi huyu lazima awe anaruka kwa namna ambayo hatujaiona. Siku moja nilifunga mlango wa kibanda, nikajifunga khanga juu ya suruali ya mteja niliyokuwa nimemaliza kuishona, nikaruka mara tatu ili nisikie kitambaa kinakaza wapi.

Kutoka upande wa pili wa ukuta kinyozi akauliza, "Mama fundi, ni panya?"

"Ni kubwa," nikamjibu. "Nimeiua."

Basi nililikata vazi lile kwa ajili ya mtu wa kuruka. Nililitia marinda sita kila upande, ya kina, yaliyoshonwa yakalala kiasi kwamba mtu akisimama huyaoni, na akiruka yanafunguka. Urefu wake niliufikisha vidole vinne chini ya goti, kama nilivyoona kunafaa kwa mzee wa kanisa. Kitambaa kingi kilimezwa na marinda. Nilimaliza Alhamisi, tarehe 9 Novemba, nikalitundika nyuma ya mlango na kulifunika, na nakiri kwamba nililifunua mara kwa mara nilipokuwa peke yangu. Sijapata kushona kitu kizuri zaidi kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Mechi ya kwanza ilipangwa Jumamosi, tarehe 18 Novemba, saa nane mchana, dhidi ya timu ya shule ya wauguzi ya mjini kwetu. Alhamisi tulisikia barabara imefungwa. Ijumaa tulisikia imefunguliwa kutoka Beni mpaka Maboya tu, kijiji cha njiani kabla ya kufika kwetu. Muuza maharagwe aliacha kuuza, akawa anauliza kila mpita njia kama ameona msichana na baba.

Jumamosi, yapata saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, mwanamume mwenye koti jeusi lililolowa alisimama mlangoni kwangu. Walikuwa wamelala Maboya na kutembea tangu alfajiri. Alinisalimu kwa Kinande, kwa heshima na bila haraka, kisha akasogea pembeni. Nyuma yake aliingia msichana aliyeinamisha kichwa ili asigonge mbao za juu. Niliinua macho, nikaendelea kuyainua.

"Karibuni," nilisema. "Na mwenye kucheza, mmemwacha wapi?"

"Njo huyu," baba akasema.

Kinyozi, aliyekuwa ameingia kwa kisingizio cha kuazima moto, alitazama mwimo wa mlango, akamtazama msichana, akatoka nje kimya kimya. Baadaye nilisikia kelele za soko zima.

Mimi sikuwa na nafasi ya kelele. Nilishusha vazi kutoka nyuma ya mlango nikaliweka mbele ya kiuno cha yule msichana, na hata nilipofumua upindo wote liliishia juu ya goti.

"Mwanangu, si ulipimwa kwa kamba? Mama wa makayabo?"

"Hapana, mama. Mimi hakuna mutu alinipima."

Baba yake alifikiri kidogo, kisha akaketi polepole kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza nikaona anaweza kutabasamu.

"Ile siku huyu alikuwa shambani. Kwangu na kwa mudogo wangu ni lupango moja. Mutoto wake naye ni binti wa pili."

Hapo nilielewa, na yeyote wa kwetu angeelewa. Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, katika kila nyumba majina ni yaleyale. Ukiita binti wa pili katika lupango, yaani ua wenye nyumba mbili, huna haki ya kushangaa wakiitika wawili. Nilimtuma mtu na jina hilo na mtaa tu, mimi ambaye nina dada watatu wa ukoo wanaoitwa kama mimi, nikadhani nimetoa anwani.

"Ile ingine ni mufupi," baba aliongeza. "Alifurahi sana. Ako nangojea robe mpaka leo."

Msichana aliziba mdomo akicheka. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu sote watatu tulikuwa tumelitazama vazi.

"Papa," alisema kwa sauti ndogo, "ninaweza kucheza na jupe yangu ya kanisa."

"Ile utaanguka nayo," baba akajibu. Akanigeukia. "Mama, nilisema neno moja kwa chuo, na hili neno sitaligeuza. Utaweza?"

"Papa, bwana wangu hakuniachia hii mashini juu ya kuipangusa vumbi."

Nilimpima msichana kwa mikono yangu. Kutoka kiunoni hadi gotini: sentimita sitini na nane. Tergali ya rangi ile haikuwapo tena sokoni. Kijani pekee kilichobaki kilikuwa ndani ya vazi lenyewe, kwenye marinda. Nikachukua wembe na kufumua marinda kumi na mawili niliyoyashona kwa siku nne. Nilikata upana wote niliompa yule mwanarukaji wa mawazo yangu, nikauunga vipande kwa vipande, nikatengeneza mkanda mpana kuzunguka chini. Mwenye miguu mirefu, nilijiambia, hana haja ya kuruka. Baba aliketi akitazama mguu wangu ukikanyaga. Msichana alisinzia akiwa ameegemea marobota ya nguo, viatu vyake vya mpira mapajani. Saa saba na nusu nilikata uzi wa mwisho. Vazi liliishia vidole vinne chini ya goti. Baba aliinama akaangalia, akatikisa kichwa kukubali.

Mvua ilikuwa imekatika. Uwanjani watu walijaa hadi juu ya ukuta, na askari kadhaa walikuwa wamesimama kwenye kona, bunduki mgongoni, kama watu wengine waliolipa kuingia, ingawa hawakulipa. Muuza maharagwe alituwekea nafasi mbele, baba, mimi na mfuko wangu wa kazi. Msichana alipotokea katika vazi lake refu la kijani kati ya wenzake wenye kaptura, kelele zilikuwa kubwa hata wasichana wauguzi waliacha kupasha mwili wakamtazama.

Kisha mchezo ukaanza, na kelele zikapungua.

Hakufanya lolote. Alipokea mpira, akatoa mpira. Alifika kwenye kikapu baada ya wengine. Mara mbili alipitwa na msichana aliyemfikia begani. Nyuma yetu mtu akasema, "Iko mulefu bule!" na mwingine, "Wamepima vizuri, wamesahau kumujaribu." Muuza maharagwe aligeuka kuwatafuta kwa macho. Baba wa msichana hakusikia chochote. Alikuwa anatazama upindo wa vazi. Ulipopanda, alijiinua. Uliposhuka, aliketi. Nami nilikuwa nautazama uleule, na niliona asichokiona yeye: kila alipotaka kunyosha mguu, kitambaa kilikaza, akakata hatua yake katikati. Nilikuwa nimechukua upana nikaufanya urefu. Nilikuwa nimempa baba vazi, na binti nimemfunga kamba.

Wakati wa mapumziko timu yake ilikuwa nyuma sana. Alikuja moja kwa moja kwangu, jasho likimtiririka, hakuwa na uso wa kulaumu.

"Mama, haifunguke."

Nilitoa mkasi kwenye mfuko. Mpasuo kila upande ungetosha. Fundi yeyote angeukata kwa pumzi mbili. Lakini mkasi huo haukuwa na haki ya kuamua. Nikamgeukia baba yake.

"Papa, nilikosea. Vile iko sasa, itapasuka yenyewe mbele ya batu, na hatujui itakomea wapi. Ao nipasule mimi, kwa kipimo. Useme."

Aliutazama mkasi. Watu waliokuwa karibu walikuwa wamenyosha shingo, na nilijua wangapi kati yao wangependa kumpigia kelele mzee huyu wa Beni. Muuza maharagwe alifumbua mdomo, nikamkanyaga.

"Chaki uko nayo?" baba akauliza.

Nikampa. Alipiga goti moja kwenye saruji iliyolowa, mbele ya binti yake na mbele ya watu wote wale, akapapasa kwa ubavu wa mkono wake goti lilipo chini ya kitambaa. Akaweka vidole viwili chini yake, akachora mstari mfupi mweupe. Akafanya hivyo upande wa pili. Akainuka, akajifuta.

"Mpaka pale. Hapana pita."

Nilikata mpaka pale. Nilipiga mishono michache juu ya kila mpasuo ili usiendelee wenyewe, na mwamuzi alipopuliza filimbi nilikuwa bado nina sindano mdomoni.

Sijui maneno ya mchezo ule, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Hatua yake ya kwanza ilikuwa ndefu mara mbili ya zile za mwanzo, na yeye mwenyewe alionekana kuishangaa. Halafu alianza kufika. Mpira ulipotupwa, tayari alikuwapo. Hakuruka, isipokuwa mara moja au mbili. Alinyosha tu mkono mahali ambapo wengine walikuwa bado wanajikusanya. Na kumbe jambo aliloliona mwalimu kule Beni halikuwa urefu. Lilikuwa kwamba alitoa mpira kwa mwenzake kabla mwenzake hajajua anauhitaji, bila kumtazama, kana kwamba amesikia nyayo zake. Wasichana ambao tuliwajua kuwa wazito wakaanza kufunga. Askari mmoja pale kwenye kona aliruka akapiga kelele kwa Kilingala, "Leki, tia! Tia!" yaani mdogo wangu, tia mpira, na bibi mmoja aliyekuwa karibu naye akamwambia aelekeze bunduki yake mahali pengine kwanza, ndipo ashangilie. Akatii.

Nilimwangalia baba. Macho yake yalikuwa kwenye upindo. Baadaye kidogo yalikuwa kwenye mpira, yakarudi kwenye upindo. Kisha ukapita muda mrefu hayakurudi. Filimbi ikalia, mchezo ukasimamishwa.

"Juu ya nini bamesimamisha?" akaniuliza ghafla, kwa hasira kidogo. "Alikuwa anafika!"

Nilimjibu kwamba sijui. Muuza maharagwe, aliyejua, alimweleza kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia.

Walishindwa kwa kikapu kimoja. Watu walishangilia hata hivyo, lakini mzee alimchukua binti yake, akamfunika koti lake jeusi mabegani, akaniaga kwa adabu, wakaondoka bila kusema lolote la kesho. Hatukujua kitu. Jumapili muuza maharagwe, Mkatoliki wa kuzaliwa, alikwenda kwa mara ya kwanza maishani mwake kwenye ibada ya Kiprotestanti ili amwone mzee kama amefunga mizigo. Alirudi akasema tu kwamba wanaimba vizuri na kwamba mahubiri yao ni marefu.

Jumatatu, tarehe 20 Novemba, nilipofungua kibanda saa mbili asubuhi, mzee alikuwa amekwisha kufika, peke yake, fimbo na mfuko wa safari mkononi. Nilitafuta mzigo wa pili, wa binti. Sikuuona. Kinyozi aliweka wembe wake chini, na mteja wake, nusu amenyolewa, akageuka naye.

Mzee alisimama mbele ya mwimo wa mlango, akaisoma ile mistari kumi mmoja mmoja.

"Hii ni nini?"

"Ni mutoto wako, papa," nikasema. "Vile tulimungojea."

Aliweka kidole kwenye mstari wa tatu kutoka chini. "Njo huyu," alisema, kisha akatoa kwenye mfuko lile vazi la kijani, limefuliwa, bado lina unyevu.

"Mama, hapa kwenu mvua haikauke. Ile nguo tangu jana iko vilevile. Ushone ya pili."

Nilifungua daftari langu, nikaandika siku, mwezi na mwaka kwenye pembe ya ukurasa, kisha jina la binti wa pili, na chini yake jina la baba yake, ili nisikosee tena.

"Kipimo kilekile?"

"Kilekile." Alikuwa amekwisha kutoka nje aliposimama, akageuka nusu. "Ule mupasuo," alisema, bila kunitazama, "unaweza kuongeza kidole kimoja."